ASKARI NA ELIMU YA JAMII: KUDHANI SI KUJUA

Ni jambo la kufurahisha kwamba katika kambi za jeshi na vituo vya polisi nchini Uganda wamo askari ambao, wakisha kumaliza zamu zao, hufungua vitabu na kujitayarisha kuingia Chuo Kikuu. Wapo wenye vyeti vya shule ya juu, na wapo waliokatiza masomo zamani, ambao wanautazamia ule mtihani wa watu wazima unaowapa nafasi wenye umri wa miaka 25 na zaidi. Baadhi yao wamechagua elimu ya jamii, yaani masomo kama sosholojia, siasa, uchumi na saikolojia. Kwao, na kwa wakubwa wao, tunalo neno la kusema leo.

Husemwa mara nyingi kwamba elimu ya jamii ni masomo mepesi, kwa kuwa kila mtu anaishi katika jamii na anajua watu walivyo. Tena husemwa kwamba askari anawajua watu kuliko profesa, kwani amewalinda, amewakamata na amesikiliza mashauri yao usiku na mchana. Maneno haya ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ina hatari yake. Ni kweli kwamba askari ameona mengi. Lakini kuona si kuchunguza, na kudhani si kujua.

Tutoe mfano ulio karibu na kazi yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani liliwapa wataalamu wa jamii, wakiongozwa na Samuel Stouffer, kazi ya kuwauliza askari wenyewe habari za maisha yao. Walioulizwa walizidi nusu milioni, na matokeo yakaanza kuchapishwa mwaka 1949 katika vitabu viitwavyo The American Soldier. Swali moja lilihusu kupandishwa vyeo. Katika jeshi la anga vyeo vilipatikana upesi. Kwa polisi wa jeshi vilipatikana kwa shida. Je, ni wapi askari walinung'unika zaidi juu ya vyeo? Msomaji na ajibu kwanza kabla ya kuendelea.

Wengi wetu tungesema ni polisi wa jeshi. Sivyo. Walionung'unika zaidi ni wale wa anga. Wataalamu walieleza kwamba mtu hapimi hali yake kwa kipimo cha dunia nzima, bali hujilinganisha na wenzake walio karibu naye. Palipo na wengi waliopanda, asiyepanda hujiona ameonewa. Palipo na wachache, asiyepanda huona hali yake ni ya kawaida, na aliyepanda hushukuru. Kamanda asiyejua jambo hili aweza kuongeza vyeo kikosini, kisha akashangaa kuona manung'uniko yanaongezeka pia.

Mwaka huo huo mwanachuoni Paul Lazarsfeld aliandika juu ya vitabu hivyo, akawategea wasomaji wake mtego wa mwalimu. Aliorodhesha mambo kama kwamba ndiyo yaliyogunduliwa; mojawapo, kwamba askari wenye elimu walisumbuka akili zaidi kuliko wasio na elimu. Ni rahisi kuitikia: ndiyo, msomi hakuzoea taabu. Baadaye akafichua kwamba ukweli ulikuwa kinyume chake katika kila jambo aliloliorodhesha. Funzo ni hili: akili ya binadamu ni nyepesi kupata sababu ya kila jambo, hata lile ambalo si kweli.

Kwa askari funzo hili si la mtihani tu. Polisi afikapo mahali pa wizi huku amekwisha amua moyoni kwamba watu wa mtaa fulani ndivyo walivyo, hatachunguza tena. Atatafuta wa kukamata. Asiye na hatia ataingia rumande, na mwizi atalala usingizi. Katika miaka ya 1950 Aidan Southall na Peter Gutkind, wa taasisi ya utafiti wa jamii iliyoanzishwa Makerere mwaka 1948, walichunguza Kisenyi na Mulago mjini Kampala. Hawakutosheka na sifa ya mitaa hiyo. Walitafuta kujua ni nani wanaokaa humo, wana kazi gani na wanaishi namna gani majumbani mwao. Na hata hesabu zikisema kweli juu ya kundi, hazimshitaki mtu mmoja. Yeye sharti ashitakiwe kwa ushahidi wake.

Mwanafunzi atakutana pia na Max Weber, ambaye mwaka 1919 alieleza kwamba dola ni jumuiya inayofaulu kudai kuwa yenyewe peke yake ndiyo yenye haki ya kutumia nguvu kwa uhalali katika nchi yake. Askari na asome maelezo hayo polepole, kwani bunduki anayoibeba imo ndani yake. Neno zito hapo si nguvu, maana hata jambazi ana nguvu. Neno zito ni uhalali. Kwa nini raia huukubali, na ni matendo gani huufanya upungue? Hilo nalo si la kudhani, ni la kuuliza.

Tunawashauri wanaojitayarisha waanze na akiba waliyo nayo. Polisi amekwisha fundishwa kutenganisha maneno ya shahidi aliyeona na ya yule aliyesikia; basi afanye vivyo hivyo kwa kila kitabu. Ajizoeze hesabu za asilimia. Aandike ukurasa mmoja kila juma, ampe mwenzake aukosoe bila kujali vyeo. Na kwa kuwa mafundisho ya Chuo Kikuu ni ya Kiingereza, ajaribu kueleza kila neno jipya kwa Kiswahili cha kambini. Likimshinda, ajue bado hajalielewa.

Kwa makamanda tunasema: askari anayeomba ruhusa ya kwenda kufanya mtihani hakimbii kazi. Apewe nafasi kadiri zamu zinavyoruhusu, na asichekwe kwa kuuliza maswali. Askari aliyezoea kujiuliza "nimejuaje?" kabla ya kunyoosha kidole hukilinda kikosi chake na aibu, na humlinda raia na dhuluma. Hiyo ndiyo faida ya elimu ya jamii, hata kabla mlango wa Chuo Kikuu haujafunguliwa.