Juu Gani Shujaa wa Kujitengenezea Hapendwi?



Tangu Posho mbili zilizopita kuna mabishano makali katika bweni la wavulana, na wasichana waliposikia wakaingia nao. Tunaomba nafasi kidogo katika gazeti letu juu ya kuyaeleza. Tunajua ya kama kati ya wakubwa wetu wengine wanaona michezo ya video ni kupoteza wakati na falanga. Siyo hiyo tunataka kujibu leo. Sisi tunauliza jambo moja tu: ile michezo mirefu ya safari, ambayo mchezaji anamwongoza shujaa toka mji hata mji, anazungumza na watu, anapigana, anakua, juu gani wachezaji wengi wanamchukia shujaa wakati wao wenyewe ndio waliomtengeneza?

Kwa wale hawajacheza, ni hivi. Kuna michezo ambayo shujaa amekwisha kuwa mtu. Ana jina, ana sauti, ana mambo yake ya zamani. Geralt wa The Witcher 3, mchezo uliotoka mwaka 2015, ni mtu wa namna hiyo. Alitoka katika vitabu vya mwandishi wa Poland, Andrzej Sapkowski. Usipende nywele zake nyeupe, shauri yako. Anamtafuta Ciri, binti aliyemlea, na wewe unamtafuta pamoja naye. Lakini kuna michezo mingine ambayo, mbele ya kuanza, wanakupa kama udongo. Unachagua mwanaume ao mwanamuke, pua, rangi ya ngozi, nywele, kovu kwenye shavu, kiisha unaandika jina. Mungu alipuliza pumzi. Sisi tunabonyeza kifungo cha maneti. Mtu huyo anapaswa kuwa ni wewe mwenyewe ndani ya mchezo.

Na hapo ndipo taabu inaanza.

Mwenzetu mmoja alicheza Skyrim, mchezo wa mwaka 2011. Pale kuna mataifa kumi ya kuchagua. Yeye alichagua Redguard, watu weusi waliotoka Hammerfell, nchi ya jangwa. Mchezo unaanza vizuri kabisa, hilo tunalikubali. Uko juu ya gari la farasi, mikono imefungwa, unapelekwa kukatwa kichwa. Askari anasoma majina ya wafungwa. Akifika kwako anauliza wewe ni nani, kwa sababu jina lako haliko kwenye orodha yake. Hapo kila kitu kinasimama, na unatengeneza uso wako na kuandika jina lako. Mwenzetu aliandika jina la baba yake, aliyefariki wakati yeye alikuwa angali katika shule ya msingi. Hakutuambia siku ile. Tulilijua nyuma.

Alicheza majuma mengi. Aliua majoka, alisaidia wajane, alichukua barua za watu. Na katika majuma yale yote hapana mtu hata mmoja katika nchi ile aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Dragonborn, ni kusema mzaliwa wa joka, ao "msafiri", ao "wewe". Sababu yake ni nyepesi. Watu wa mchezo wanasema kwa sauti za kweli, sauti za waigizaji walioingia mbele ya mikro na kusoma maneno siku moja, na kazi ikaisha. Mwigizaji hawezi kusoma majina yote ya dunia. Zamani, wakati mambo yote yalikuwa maandishi tu kwenye kioo, kama katika Dragon Quest ya mwaka 1986 huko Japani, jina uliloandika liliingizwa katikati ya maneno na watu wakakuita vizuri. Sauti zilipokuja, jina likapotea. Waliotengeneza Fallout 4 mwaka 2015 walijaribu kurekebisha: walimfundisha mtumishi mmoja wa chuma, Codsworth, kusema mamia ya majina. Sehemu kubwa ni majina ya Wazungu. Tuliandika majina yetu matatu, akatuita "bwana" tu.

Wengine watasema ni kitu kidogo. Kwetu haiko kidogo. Ukifika kwenye kijiji usichokijua, mzee hakuulizi kwanza kama unaweza kupiga upanga. Anakuuliza wewe ni mtoto wa nani, umetoka wapi, mama yako ni wa watu gani. Ukijibu, anakumbuka mjomba wako aliyepita pale wakati fulani, na sasa una mahali pa kukaa. Shujaa wa kujitengenezea hana jibu la ulizo hilo. Uso anao, na uso mzuri, tumeutengeneza saa nzima. Lakini hapana mtu anayemjua mama yake. Ameanguka katika nchi kama jiwe.

Lakini tusidanganyane: upweke si dhambi. Watu wengi katika hadithi ni wapweke, na tunawapenda. Kinachotuchokesha sisi ni kwamba huyu mtu asiyejulikana anasifiwa na wote. Katika Skyrim tena, kuna chuo cha uchawi cha Winterhold (tusamehewe neno hili katika gazeti la shule yetu). Unaingia ukijua jambo moja ao mawili, unafanya kazi chache wanazokupa, na mwishoni wanakuweka kuwa mkubwa wa chuo chote. Fikirini kijana anaingia hapa kwetu siku ya kwanza ya juma, hajui hata kutafuta x, na siku ya tano wanampa ufunguo wa ofisi ya Bwana Prefe. Kiisha mtu yuleyule anakuwa mkubwa wa wapiganaji, na mkubwa wa wezi, na mkubwa wa wauaji wa siri, vyote pamoja, na wapiganaji hawamwulizi kitu juu ya wale wezi.

Mfano mwingine ni Corrin, wa Fire Emblem Fates, mchezo wa Japani wa mwaka 2015. Yeye jina la kuanzia analo, lakini unaweza kulibadili, na uso na nywele unachagua wewe. Ukoo anao, tena koo mbili! Alitoka upande wa Hoshido, akalelewa na mfalme wa Nohr, adui wao. Hadithi nzito, karibu kama ya Musa katika nyumba ya Farao. Ingeweza kututoa machozi. Lakini wachezaji wengi wamemlaumu Corrin sana, na sisi tuko upande wao. Kaka na dada wa pande zote mbili wanamlilia, wanamgombania, wanasema moyo wake ni mwema. Akikosea, wanamtuliza. Musa alipomwua Mmisri, kesho yake Mwebrania mwenzake alimrudishia jambo lile usoni, akakimbia mpaka Midiani. Corrin hapana. Wale walioandika mchezo walijua ya kama Corrin ni mimi na wewe tuliolipa, wakaogopa kutuudhi. Sifa ile haimhusu yeye. Ni sifa ya mwenye duka kwa mwenye kununua.

Mwalimu wetu mmoja aliposikia mabishano alisema: "Ninyi vijana mnajipenda, ndiyo maana mnataka kujiona ndani ya televizyo." Tulimheshimu, tukanyamaza. Lakini tulipofikiri usiku, tuliona ya kama si hivyo. Kama ingekuwa ni kujipenda tu, tungefurahi na shujaa huyu, kwa sababu kila mtu anampigia magoti. Mbona tunachoka naye? Ukisifiwa na mtu asiyekujua, unacheka siku ya kwanza. Siku ya tatu unaona haya.

Hata hivyo wasichana wa kalasi ya nne walituonya, na walikuwa na haki. Walisema: ninyi wavulana ni rahisi kusema tuwe na shujaa mwenye jina na ukoo, kwa sababu mara nyingi shujaa aliye tayari ni mwanaume. Na sherti tuongeze sisi: mara nyingi ni Mzungu ao Mjapani. Katika Pokémon, iliyoanza mwaka 1996, ni mwaka 2013 tu, katika X na Y, mchezaji alipewa nafasi ya kuchagua rangi ya ngozi. Miaka 17! Mtu mweusi aliyetaka kujiona katika michezo hii mara nyingi hakuwa na njia ingine isipokuwa kujitengeneza, na hata pale alikuta nywele za namna ishirini za kunyooka na mbili za kwetu, na zile mbili zimefanywa vibaya. Basi hatusemi waondoe udongo. Mtu asiyepewa kiti hawezi kuambiwa ya kama kiti ni kibaya.

Pia kuna wachezaji wengi wanaompenda mtu wao. Mwaka 2023 ilipotoka Baldur's Gate 3, kazi ya Larian ya mji wa Gent huko Ubelgiji, mchezaji aliweza kuchukua mmoja wa watu walio tayari ao kuumba wake. Wengi sana waliumba wake. Lakini sikilizeni wanazungumza juu ya nani wakizima ordinatere. Wanazungumza juu ya Astarion, aliyekuwa mtumwa wa bwana wake mnyonya-damu kwa miaka 200. Ao juu ya Karlach, aliyewekewa mtambo wa moto mahali pa moyo, na kwa moto ule hawezi kumkumbatia mtu bila kumchoma. Yule waliyemwumba wenyewe amesimama katikati, hafungui kinywa, kama mgeni katika picha ya ndoa.

Je, hakuna njia? Sisi tumeona mbili.

Ya kwanza ni ya Mass Effect, ya mwaka 2007. Pale unachagua uso, unachagua jina la kwanza, unachagua mahali ulipokulia. Lakini jina la ukoo haliguswi: Shepard. Hivi watu wote wanaweza kukuita kwa sauti, "Shepard!", na shujaa naye anajibu kwa sauti yake. Jina la ubatizo ni la kwako, jina la ukoo umelikuta. Si ndivyo tulivyozaliwa sisi wote?

Njia ya pili ni ya zamani zaidi, na tunaipenda kuliko ile. Mwaka 1985 Richard Garriott, Mmarekani, alitoa Ultima IV. Alitaka mchezaji aingie yeye mwenyewe, siyo mtu mwingine. Lakini hakumwuliza juu ya pua na nywele. Mwanzoni kuna mama mwenye kupiga ramli anayekuuliza maulizo magumu. Kwa mfano, umetumwa kupeleka mfuko wa zahabu ambayo haikuhesabiwa, na njiani unakutana na masikini: utapeleka yote kama ulivyoaminiwa, ao utampa kimoja? Kwa majibu yako anajua wewe ni mtu gani. Kiisha katika safari kuna muuzaji kipofu wa majani ya dawa. Anakutajia bei, na wewe mwenyewe unaweka falanga. Ukiweka pungufu, haoni. Hapana polisi, hapana kengele. Unakwenda zako na majani yako. Lakini mchezo umeandika mahali fulani. Ukifika katika ngome ya mfalme na kumwuliza mwonaji Hawkwind juu ya ukweli wako, utasikia.

Shujaa wa Ultima IV naye hana mama wala kijiji, na kioo cha wakati ule hakikuweza kuonyesha uso wake. Lakini anajulikana. Kuna mtu aliyemwona akimdanganya kipofu. Wale wa bweni waliosema mbele ya hapo ya kama taabu yote ni ukoo walinyamaza kidogo tulipofika hapa, na sisi pia tulisahihisha mawazo yetu.

Mmoja akataja nabii Natani. Daudi alipomchukua mke wa Uria, Natani hakumwambia, "Ee mfalme, jifikirie wewe mwenyewe." Alimwelezea juu ya mtu mwingine kabisa, tajiri aliyenyang'anya masikini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akakasirika, akahukumu, na ndipo akaonyeshwa ya kama anajihukumu mwenyewe. Kama Natani angemtengenezea Daudi hadithi yenye shujaa wa sura ya Daudi, mwenye kusifiwa na wote, Daudi angelala vizuri usiku ule. Juu ya hiyo wengine wetu wanasema Geralt, yule mzee wa nywele nyeupe asiyefanana nasi hata kidogo, amewaonyesha mioyo yao kuliko Redguard waliyemchonga kwa saa nzima. Wengine hawakubali. Wasichana wa kalasi ya nne hawakubali kabisa.

Mwenzetu wa Skyrim hakusema neno katika mabishano. Siku iliyofuata tuliona amefuta shujaa wake, kazi ya majuma yote. Tulimwuliza juu gani, na ndipo alitueleza ya kama jina lile lilikuwa la baba yake. Alisema alikuwa akingoja mtu wa kule alitaje kwa sauti, hata mara moja. Sasa ameanza tena, na ameandika jina la ovyo.

Wale wa kalasi ya sita wamesema wana jibu la kutuangusha. Walilete kwa mwandishi wa gazeti mbele ya siku ya tano, karatasi moja tu, pande mbili, na waandike kwa herufi za kusomeka.

Wanafunzi wa kalasi ya tano