Salongo ya Nyawera: uchafu unaenda wapi?

Wanafunzi wa Nyawera wakifanya salongo, barabara inang'aa siku mbili, tatu. Kiisha masashe na machupa yanarudi. Tunasema wazi: haiko uvivu wa vijana. Chanzo hakijafungwa.

Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza sashe za plastiki. Lakini sokoni hata pilipili kidogo inafungwa ndani ya sashe. Mvua ikinyesha, mitaro inashusha yote mpaka Ziwa Kivu. Maji ya ziwa yanatokea kwa Ruzizi, na hapo iko baraji ya Ruzizi I, iliyojengwa miaka ya 1950. Plastiki inaziba maji, mashine inasimama, umeme unakatika. Mtoto anasoma na mshumaa, mwenye mashine ya kusaga unga anafunga mlango.

Ninyi wa mashimoni munaelewa hii vizuri. Anayeosha mchanga huko juu na zebaki anachafua maji ya wale wa chini, hata kama hawajuani. Na wengi wenu munalipa minervali ya watoto huku Bukavu kwa dhahabu ya Kamituga.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kila shule na soko wapate mahali pa kutupia, na gari ya kuondoa uchafu kila juma. Tena amri ya 2017 ianze na mwagizaji mkubwa, si mama anayeuza pilipili. Salongo iendelee, lakini peke yake haitoshi.