Bonde la Msimbazi: bustani kwa gharama ya nani?

Mwaka 2003 jiji la Seoul, Korea Kusini, lilianza kubomoa barabara ya juu iliyopita juu ya kijito cha Cheonggyecheon, kilichofukiwa kwa zege kwa miongo kadhaa. Oktoba 2005 kilifunguliwa kwa umma, kilometa zipatazo 5.8 za maji na njia za miguu. (Maji yenyewe hupandishwa kwa pampu.)

Kisichosimuliwa sana ni habari za wachuuzi wa kandokando. Wengi walihamishiwa uwanja wa michezo wa Dongdaemun, nao ukaja kubomolewa, wakahama tena.

Jijini Dar es Salaam, Mto Msimbazi haukufukiwa kwa zege bali kwa mchanga, taka na makazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu jijini, na Barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi pale Jangwani. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa mradi wa kupanua mkondo, kujenga daraja la juu zaidi na kuligeuza bonde kuwa bustani ya umma.

Kihandisi, hoja hiyo ni vigumu kuipinga. Mvutano umekuwa kwenye fidia. Nyumba ya bondeni, hata isiyo na hati, ilikuwa na thamani moja kubwa: mwendo wa miguu hadi Kariakoo, penye riziki. Matofali na mabati huhesabika kwa urahisi. Ukaribu huo hauhesabiki. Aliyehamia pembezoni mwa jiji huulipia kila asubuhi, kwa nauli.