Unyenyekevu Si Kufunga Mdomo

Katika makanisa yetu hakuna fadhila inayosifiwa kama unyenyekevu, na hakuna inayotumiwa vibaya kama hiyo. Muumini akiuliza fedha za ujenzi wa kigango zimekwenda wapi, huambiwa hana unyenyekevu. Mama akisema kwamba miaka nenda miaka rudi yeye ni wa kupika kwenye semina, wala hajawahi kuketi asikilize mafundisho, huambiwa amtazame Bikira Maria. Msichana wa kazi anayekula jikoni, baada ya wote, husifiwa kuwa ni mtoto mnyenyekevu. Angalia vizuri, ndugu msomaji, fadhila hii inadaiwa kwa nani. Inadaiwa kwa aliye chini. Mgeni rasmi mwenye kiti cha mbele hadaiwi kitu.

Wanaohubiri hivyo hupenda kutuelekeza kwa watawa. Watazameni wamonaki, husema, wanatii, wananyamaza, hawaulizi maswali. Haya, na twende huko huko kwa wamonaki.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliandikwa Italia katika karne ya 6, na ndiyo inayofuatwa hata leo Peramiho, walikoanza mwaka 1898, na Ndanda, walikoanza mwaka 1906, na Hanga pia. Ina sura 73. Sura ya 7 inaufananisha unyenyekevu na ngazi yenye vidato 12. Ni kweli kwamba kidato cha 4 kinamtaka mtawa avumilie hata mambo magumu na ya dhuluma bila kukimbia. Hicho ndicho kidato wanachokipenda wakubwa wetu. Wamekikata kwenye ngazi, wakaenda nacho nyumbani, na sasa wanawachapia wengine.

Lakini ngazi hiyo ina mlango wake. Sura ya 58 inaagiza kwamba anayeomba kujiunga asipokelewe kwa urahisi. Katika muda wa mwaka mzima asomewe Kanuni mara tatu, na mara ya kwanza aambiwe waziwazi kwamba yuko huru kuondoka. Anayepanda kidato cha 4 amekichagua mwenyewe, kwa hiari na kwa macho mawili. Yule msichana wa kazi amechagua lini? Nani alimsomea nini? Dhuluma anayojitwika mtu kwa ajili ya Kristo ni jambo moja, na dhuluma unayomtwika jirani yako ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni unyenyekevu. La pili ni dhambi, na jina lake tunalijua.

Tena wasomaji hao wa kidato kimoja wameruka mengi. Sura ya 3 inasema kila panapokuwa na jambo zito abate awaite ndugu wote awasikilize, maana mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo bora. Sura ya 68 inasema ndugu akipewa agizo linalomshinda anaweza kumweleza mkubwa wake sababu, kwa upole na kwa wakati unaofaa. Sura ya 32 inamtaka abate awe na orodha ya vyombo na zana za nyumba, ajue anachotoa na anachopokea. Abate mwenyewe, baba wa nyumba, anatunza orodha! Na mweka hazina wa kigango akiulizwa daftari anakasirika, kisha anataja utawa.

Na kazi za jikoni? Sura ya 35 inawataka ndugu wahudumiane kwa zamu ya wiki, asisamehewe mtu ila mgonjwa au mwenye shughuli nzito. Anayemaliza zamu huosha na kusafisha, na pamoja na anayeingia huwaosha wote miguu. Mgeni naye, kwa sura ya 53, abate ndiye anayemmiminia maji ya kunawa, na maskini hupewa uangalifu zaidi, kwa kuwa tajiri hujipatia heshima kwa ile hofu tu tuliyo nayo mbele yake. Pimeni harambee zetu kwa kipimo hicho. Aliyetoa laki anasomwa jina na kupigiwa vigelegele. Aliyetoa kuku wake wa pekee anaambiwa aweke pale pembeni.

Wapo watakaosema: hayo ni ya watawa, sisi tuna watoto, tuna ada za shule, tuna wakwe. Nawajibu kwamba katika haya yote hakuna hata moja linalohitaji kanzu ya kitawa. Baba mwenye nyumba anaweza kuosha sufuria Jumamosi. Mwenyekiti wa jumuiya anaweza kumpa kijana nafasi ya kusema kwanza. Mweka hazina anaweza kubandika hesabu kwenye mlango wa kanisa kabla hajaulizwa. Aliyeazima jembe anaweza kulirudisha limeoshwa, kwani sura ya 31 inataka vyombo vyote vya nyumba vitunzwe kama vyombo vya altare. Mwimbaji hodari wa kwaya anaweza kukaa kimya Jumapili moja ili mwingine ajifunze. Sura ya 57 ni kali zaidi: fundi anayejivunia ufundi wake aondolewe katika kazi hiyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaoketi mbele, acheni kutuhubiria unyenyekevu kwa midomo. Usemi wa "mimi mtumishi nisiyefaa" mwanzoni mwa hotuba ya saa mbili hautoshi. Anzeni ngazi kutoka chini, ninyi kwanza, na msimsukume mtu kwenye kidato ambacho hamjakikanyaga. Na ninyi mnaoambiwa mnyamaze, ulizeni kwa upole, kwa wakati unaofaa, na msiache kuuliza. Hata mmonaki ameruhusiwa.