Kibarani Imefungwa, Maji ya Chini Je?

Hapa Adams Arcade, kando ya Ngong Road, mtu akitafuta nyumba huuliza habari ya maji kabla ya kodi. Bomba likikauka tunaletewa na lori maji ya kisima kirefu, na wenyeji wanajua kuuliza kama yana floraidi nyingi, kwa kuwa miamba ya volkano ya huku huitoa yenyewe. Sisi tuliotoka Pwani swali letu ni moja: yana chumvi au hayana? Chumvi ulimi unaijua. Madini ya risasi na naitreti ulimi hauyajui, na hapo ndipo ninapoikumbuka Kibarani.

Jaa la Kibarani lilifungwa mwaka 2018, baada ya taka za Mombasa kumwagwa kwa miaka mingi ukingoni mwa hori la Makupa. Leo anayeingia kisiwani anaona miti pahali palipokuwa na moshi na uvundo. Ni kazi nzuri, siibezi. Lakini kufunga jaa ni kuacha kutupa tu. Kilichokwisha kutupwa kiko palepale, chini ya miti.

Mvua ikinyesha huzama ndani ya taka, ikachanganyika na uozo, betri, rangi na mafuta, kisha ikachuruzika chini ikiwa nyeusi. Jaa la kisasa hutandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nene kabla ya taka ya kwanza, na mabomba huyakusanya maji hayo. Majaa yetu ya zamani, Kibarani kama vile Dandora huku Nairobi, yalianza kwa kumwaga tu. Kibarani inazidi kwa kuwa iko ufukweni: kila bamvua bahari inapanda na kushuka, na kilicho chini kinasukumwa na kuvutwa nayo. Kwa hiyo wa kwanza kuulizia si mwenye kisima pekee, ni mvuvi wa horini pia. Upande wa Changamwe ardhi ina mfinyanzi na maji huenda polepole. Kisiwani na Nyali ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na uchafu hupita upesi hadi kwenye visima vifupi ambavyo watu wetu huvitegemea maji ya bomba yanapokatika. Anayetafuta pahali papya pa jaa na alitie hilo akilini.

Kusafisha hakuanzi na pampu. Kwanza mvua izuiwe: kifuniko cha mfinyanzi chenye mteremko, maji yateleze yasizame. Udongo wa kupandia miti peke yake hautoshi. Kisha vichimbwe visima vya kupimia, kimoja juu ya jaa na vingine chini yake, vipimwe kila baada ya miezi michache. Sumu ikionekana ndipo maji huvutwa na kusafishwa. Kuzifukua taka zote kungezihamishia shida Mwakirunge tu, na gharama juu.

Marekani jaa la taka za manispaa likifungwa, sheria inamtaka mwenyewe alitunze na kupima maji yake kwa miaka 30. Kwetu hiyo ni magavana watatu, kila mmoja akimaliza vipindi viwili. Bajeti ya kaunti ni ya mwaka mmoja, na kisima cha kupimia hakikatiwi utepe. Hapo ndipo kazi hii hufia.

Tusiseme haidaiki. Watu wa Owino Uhuru, Mikindani, walioathiriwa na risasi ya kiwanda cha betri, walishinda kesi Mombasa mwaka 2020: fidia ya shilingi bilioni 1.3 na amri ya kusafisha udongo na maji. Mahakama ya Rufaa ikaipindua hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia. Ni safari ndefu iliyoanza baada ya watoto kudhurika.

Njia fupi ipo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba maelezo, na ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Wazee wa mtaa na vikundi vya wavuvi wa Makupa waiandikie kaunti na NEMA barua moja, yenye maswali matatu: visima vya kupimia Kibarani viko wapi, vilipimwa lini mara ya mwisho, na vilionyesha nini.