Ukuta Nao Hufunza

Ukijaliwa kufika Belfast, Ireland ya Kaskazini, huna haja ya kuuliza huu ni mtaa wa nani. Tazama kuta.

Katika barabara ya Falls, wanakoishi Wakatoliki, utamkuta Bobby Sands akitabasamu ukutani. Alifariki gerezani mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 27, baada ya kugoma kula kwa siku 66. Ukienda mwendo mfupi tu utaingia Shankill kwa Waprotestanti. Huko picha ipendwayo tangu zamani ni ya Mfalme William juu ya farasi mweupe, mshindi wa vita vya Boyne vya mwaka 1690.

Kati yao pana ukuta mrefu, ulioanza kujengwa mwaka 1969 ili wasiuane. Hata hivyo, watu wapatao 3,500 waliuawa katika ghasia za miaka 30. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi mwaka 1998. Baadhi ya picha za bunduki zikafutwa, lakini ukuta ungali pale.

Sasa mfikirie mtoto apitaye hapo kila asubuhi akienda shule. Kabla hajajua kusoma, amekwisha kumjua adui yake. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Nasi tusiwacheke. Je, mzazi, unapowasema majirani wa kabila lingine wakati wa chakula cha jioni, mwanao anachora picha gani moyoni?