Msimwite Mgonjwa Mwenye Imani Haba

Kuna neno limeenea katika nyumba zetu za pwani, nalo husemwa kwa ulimi mwepesi kana kwamba ni hukumu ya sharia. Mtu akishikwa na majonzi yasiyomwondoka, mgongo ukamuuma, kichwa kikamwanga, kifua kikambana, usingizi ukamkimbia, kisha akaenda hospitali akapigwa picha pasionekane kitu, basi jamaa zake hutazamana na mmoja wao akatamka: "Huyu hana ugonjwa, imani yake ndiyo haba." Neno hili ni uwongo katika dini, na ni uwongo katika tiba.

Tuanze na dini, kwa kuwa wasemao hayo hujificha nyuma yake. Nabii Yaakub (A.S.) alipompoteza mwanawe Yusuf, Qur'ani yatueleza katika sura ya 12, aya ya 84, kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni aliyokuwa akiizuia. Tazama vizuri, ndugu msomaji: huzuni ilikuwa ya moyo, na kilichoharibika ni jicho. Na huyu ndiye aliyesema katika sura hiyo hiyo kuwa lake ni subira njema. Subira alikuwa nayo, na mwili uliugua vile vile. Yuko nani atakayethubutu kusema imani ya Nabii ilikuwa haba? Tena aya inayofuata yatuonyesha waliomlaumu mzee yule kwa kutoacha kumkumbuka Yusuf, nao, kama walivyoeleza wafasiri, ni wanawe, wale wale waliomtia ndugu yao kisimani. Amkemeaye mwenye huzuni na ajue amekalia kiti cha nani.

Ama Bibi Maryam, uchungu wa uzazi ulipomfikisha kwenye shina la mtende, alitamani lau angalikufa kabla ya hayo. Je, alikaripiwa? La hasha! Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa kijito cha maji na tende mbivu, akaambiwa ale, anywe na atulie. Mwili ulipewa haki yake na moyo ukapewa haki yake, kwa wakati mmoja.

Watasema: nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Kweli tupu, nani apingaye? Lakini mwenye malaria naye humkumbuka Mola wake, na dawa hunywa, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta matibabu. Na kwa hakika, nani aombaye dua ndefu usiku kuliko yule asiyelala kwa maumivu?

Wazee wetu katika elimu waliyajua haya zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kuwa mwanadamu ameundwa kwa vyote viwili, na kimoja kikiugua humwuguza mwenziwe. Alitenga huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyo na sababu ya wazi, na hii ya pili akaitafutia dawa ya mwili. Elimu ya leo imemuunga mkono. Njia za ubongo na uti wa mgongo zipunguzazo maumivu hutumia kemikali, kama serotonini na noradrenalini, zitumikazo pia katika hali ya moyo wa mtu. Ndiyo maana amitriptilini, dawa itumikayo tangu miaka ya 1960, hutibu sonona, na kwa kipimo kidogo hutuliza maumivu ya neva. Basi mwenye sonona hasemi uwongo asemapo mgongo unamuuma. Unamuuma kweli.

Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi uliotokana na kazi ya Shirika la Afya Duniani katika nchi 14. Kati ya wagonjwa 1,146 wenye sonona, asilimia 69 walikuwa wamekwenda kwa daktari wakitaja maumivu na dalili za mwili tu. Kwetu jambo hili halihitaji kwenda mbali. Mwanamke amefiwa na mumewe. Siku tatu nyumba imejaa watu na sufuria za wali, kisha matanga yakaondolewa, kila mtu akarudi kwake, naye akabaki na eda yake ya miezi minne na siku kumi na watoto wanaouliza ada ya skuli. Akisema "moyo wangu umevunjika," ataambiwa amshukuru Mungu. Akisema "mgongo waniuma," ataulizwa kama amekunywa dawa. Basi hujifunza kusema mgongo. Huletewa diklofenaki ya dukani, leo viwili, kesho viwili, mpaka tumbo likaingia vidonda na figo zikaharibika, na huzuni iko pale pale haijaguswa na mtu.

Sikatazi kisomo. Nalaani yule apokeaye fedha za mjane, akamwambia ana pepo, akamtupia vidonge vyake jalalani. Na daktari asemaye "huna kitu" kwa kuwa picha ni safi, naye ana lawama yake: amefanya nusu ya kazi. Maumivu yapimwe kwanza, yasije yakawa ugonjwa mwingine, na yasipoonekana chanzo, mgonjwa aulizwe usingizi wake, hamu yake ya chakula, na nani amefariki nyumbani.

Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na haifai kuziacha ghafla bila ya daktari. Wanaoogopa Ramadhani na wajue kuwa amitriptilini kwa kawaida hunywewa usiku. Na mgonjwa akitamka kuwa ni heri afe, msimhubirie. Vidonge vyote vya nyumba vifungiwe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali usiku huo huo.